Mama Aliyefishwa na Kompyuta

Shoga!! Shemeji yako leo kaua mtu 😂😂

Ule mfumo wa kompyuta aliowatengenezea kliniki ya wanyama, kumbe mnyama na mwenye mnyama kawaweka jedwali moja, mstari mmoja! Paka kafa, karani kaandika "amefariki", kompyuta ikahesabu na mwenye paka kafa, rambirambi zikaenda kwa mumewe.

Mama mwenyewe huyo, mlangoni mwa kliniki: "Nimekuja kuona maiti yangu."

Maiti yangu, shoga!!

Shemeji yako jasho linamtoka. Kawatenganisha palepale: wanyama jedwali lao, wenyewe lao. Basi akanogewa! Sasa anataka simu nazo zitengwe, mitaa nayo, mpaka majina ya ukoo.

Mama kamshika mkono: "Baba, nitenge na paka, inatosha. Usinikatekate."

Majedwali yamebaki mawili. Mama kaondoka hai, mpaka kwenye kompyuta 😂