Vitalu Vyangu Si Makaburi

Raheli dada yangu, msomee mama. Kwanza mwambie shikamoo.

Nimekwenda mkutano wa kijiji. Uji nimeufunika. Maji ya kuoshea vyombo msiyatupe. Mwagilieni mchicha jua likishapoa.

Na vitalu vya uani visiguswe! Hii ni mara ya tatu navikuta vimefukiwa, miche ya nyanya imo chini. Nilidhani ni mbuzi wa jirani yetu Mzee Sheshe, lakini mbuzi hasawazishi udongo kwa jembe. Asubuhi nikamwuliza mwenyewe. Akacheka: “Bwana Shamba, umechimba mashimo matatu ya urefu wa mtu, na nyumbani mko watatu. Unaniuliza mimi?”

Nikarudi kutazama jembe letu. Lina udongo mbichi. Pindo la kanga ya mama pia.

~~Raheli, lifiche jembe.~~ Hapana, liache.

Mama, kwetu Mlalo milimani tunainua matuta ili mvua isiozeshe mizizi. Huku nyika, tulikoletwa na ujamaa, kitalu tunakizamisha ili maji yasitoroke. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Tangu tuteremke unakula ugali kwa chumvi, na ulisema mboga zisipoota utarudi mlimani peke yako. Sasa nashuku unazifukia ili upate sababu. Au unaogopa kweli?

Kama ni hofu, jioni nitachimba kitalu cha nne, idadi isilingane na yetu. Kama ni safari, uniambie mwenyewe.

Mwanao,
Nathanaeli