Fundi Nje ya Pazia

Vingunguti, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya alasiri

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na ninaomba barua hii ikukute umeketi unakula, si umejilaza. Goti linasemaje? Na baba, kifua kimempungua au bado anakohoa na kudai ni vumbi? Kaka Athumani, najua wewe ndiye unayemsomea mama. Tafadhali soma kama ilivyoandikwa. Mara ya mwisho uliruka nusu ya barua ukidhani unamkinga, na mama akabaki anauliza watu mambo ambayo nilikwisha kumweleza.

Eda yangu inakwenda. Tangu uliporudi Mikindani baada ya hitima sijavuka mlango wa mbele. Nimo katika nguo nyeupe, sipaki mafuta wala manukato, na dunia yangu ni chumba kile ulichokiona, jiko na choo. Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Alfajiri nasikia ng'ombe wanapitishwa kwenda machinjioni na vijana wanawatukana njia nzima. Mchana wanawake wanakuja kunipa pole. Wanasema Mungu anipe subira, halafu wanaanza kusengenya papo hapo, maana wanajua siwezi kuinuka nikaondoka. Sasa najua habari za mtaa mzima na mtaa wenyewe siuoni.

Siku unapanda basi uliniuliza eda ikiisha nitafanya nini, nikakujibu nitarudi nyumbani. Sikukueleza yote. Azma yangu ni kurudi na kompyuta. Nikija nayo nitapanga chumba kidogo Mtwara mjini, nitachapa kadi za harusi na barua za maombi ya kazi, nitakula jasho langu. Nikija mikono mitupu nitakuwa mjane wa kulishwa, anayeogesha watoto wa wifi yake na kuambiwa asante siku ya sikukuu. Kaka, mkeo asinune, nasema yaliyo kweli.

Unakumbuka jinsi ilivyofika humu ndani. Marehemu Hamisi alipopunguzwa kazi kiwandani, wenzake walinunua baiskeli na mabati, yeye akachukua kiinua mgongo chake akaenda kununua kompyuta iliyokwisha kutumika, iliyoletwa kwa meli kutoka Dubai. Walimcheka. Mimi ndiye niliyejua kuchapa, kwa sababu nilisomea taipureta, na yeye alikuwa anadonoa herufi kwa kidole kimoja. Siku ile ile alisema mbele ya mama yake, "Mama, hii ni ya Mwanaidi. Mie kibarua wake tu." Tulicheka sote watatu. Hatukuwa na mtu mwingine pale, mama, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi tangu alipofariki.

Kwa sababu shemeji yangu Salum anasema mashine ni ya nyumba. Si mtu mbaya. Ndiye anayetuletea unga na mkaa tangu msiba, na hajawahi kunipandishia sauti. Lakini ana duka lake kule barabarani, na anaona mashine ikikaa pale mlangoni na msichana wa kuichapa, watu watajaa. Kila akimwuliza mama mkwe wangu, "Mama, ile kompyuta Hamisi aliiacha kwa nani?" mama mkwe anajibu, "Mwenyezi Mungu ndiye anayejua," kisha anaendelea kuchagua mchele. Mama, maneno yale yalinichoma. Alikuwepo! Alicheka pamoja nasi! Mimi mwenye eda nitasimama wapi nigombane na mwanamume, tena wa nyumba iliyonisitiri? 

Siku za msiba, sebule ilipohitajika kwa wageni, kompyuta ilihamishiwa chumbani kwangu, ikafunikwa kanga. Mama mkwe ndiye aliyeifunika, kwa sababu kioo chake kikizimwa kinaonyesha sura na yeye hataki mwenye eda ajitazame. Ikawa mimi na kompyuta tumefungiwa pamoja. Tena ilikuwa inaumwa. Hata Hamisi hajafariki ilikwisha kuwa nzito. Unagonga herufi, unangoja, unamjibu mtu salamu, ndipo herufi inatokea. Kadi moja ilichukua asubuhi nzima, na wateja wakaanza kwenda kwingine.

Basi Salum akaleta fundi. Edwin anaitwa, kijana wa Moshi, ana karakana yake Buguruni. Nikasikia sauti ya Salum ukumbini, nje ya pazia la mlango wangu: "Mama, fundi huyu hapa. Mashine itolewe aende nayo. Ikipona tunaipeleka dukani moja kwa moja, isirudi huku kusumbua."

Nilijua ikivuka pazia lile ndiyo basi. Nikamnong'oneza mama mkwe, kwa sababu katika nyumba hii mwenye eda hasemi na wanaume wasio maharimu wake, "Mwambie isitoke. Nzito, mimi siwezi kuibeba, na wao hawawezi kuingia."

Mama mkwe akanitazama, akapaza sauti: "Haitoki. Na humu haingii mtu."

"Shikamoo mama," fundi akasema. Maskini, hakuwa anajua mila zetu. "Dakika tano tu mama. Hata nikifumba macho?"

"Marahaba. Ukifumba macho utaitengenezaje?"

Nilicheka, mama, Mungu anisamehe. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Salum akasema huu ni upuuzi, kompyuta haitibiwi kwa uganga wa mbali. Lakini Edwin akaomba kigoda, akaketi ukumbini, akasema, "Basi mie nitasema, sista atafanya. Sista, umenisikia?"

"Anasikia," akajibu mama mkwe. "Ila hasemi. Utaniambia mimi."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Fundi anasema, mimi nafanya, mama mkwe anaripoti. Alipitisha disketi chini ya pazia, nikaiingiza, mashine ikaguna. Fundi akauliza, "Imeandika nini, mama?" Mama mkwe akainama kwenye kioo. Kurani anaisoma bila kutazama, lakini herufi za Kizungu hazijui. Akajibu, "Imeandika maneno mengi." "Maneno gani?" "Mengi, baba, nishakwambia." Ikabidi mimi nisome, yeye apokee, apeleke nje, na njiani neno lilikuwa linapoteza mkono au mguu.

Fundi alipokwisha kupata habari kamili akatoa hukumu. Mashine ilikuwa imejaa virusi, vilivyoingia na disketi za wateja. Kupunguza huku na kule hakutasaidia. Dawa ni kuifuta yote iwe tupu, kisha kuipandikizia upya programu kuu inayoiendesha, halafu ile ya kuchapia. "Vilivyomo vyote vinakwenda," akasema. "Itamuuliza kama ana hakika. Akikubali, hakuna kurudi nyuma. Kama kuna kitu anakipenda humo, namshauri akisahau, kwa sababu akikitoa atakitoa na ugonjwa wake."

Kulikuwa na kitu ninachokipenda. Ni ukurasa ambao Hamisi alijifunzia kuchapa. Aliandika yale tuliyokula siku hiyo, muhogo kwa papa, na akaandika "muhogo" kwa namna nyingi mpaka akalipatia. Sijawahi kuuchapisha. Nilidhani utakuwepo tu, kama nilivyodhani yeye atakuwepo. Kioo kiliniuliza kama nina hakika. Mkono ulikataa. Mama mkwe akauliza, "Kuna nini?" Nikamwambia, kuna maandishi ya mwanao humu. Machozi yakamlengalenga, akasema polepole, "Mtu mwenyewe kaenda, mwanangu. Bonyeza."

Nikabonyeza, nikalia, naye akalia, na nje ya pazia wanaume wakakohoa kohoa wasijue pa kuangalia.

Kisha umeme ukakatika. Programu ilikuwa nusu njia. Kioo kikafa, feni ikafa, fundi akasema neno la kwao ambalo nadhani halikuwa zuri. Akaeleza kwamba tutaanza upya siku umeme utakapowaka kwa muda wa kutosha, akaaga. Ulikuwa mgao, mama, na mgao wa safari hii ulikuwa mbaya. Siku kadhaa nikakaa na mashine tupu kabisa, isiyo na yale ya zamani wala mapya. Salum akipita ukumbini anasema, "Si mmeshaiua sasa." Nilijiona mjinga niliyezika mara mbili.

Umeme ulipotulia Edwin akarudi, tukaanza mwanzo. Safari hii Salum naye aliketi pale ukumbini, kwa sababu alitaka mashine ikiisha kupona aite binti zake waibebe. Disketi zikaingia moja baada ya nyingine. Mama mkwe sasa alikuwa fundi kamili. "Imetaka ingine!" anaita. "Imefika nusu! Inakula vizuri!" Kila kitu kikaenda sawa mpaka tukakaribia mwisho, ndipo kioo kikasimama na kuleta mstari mtupu.

Fundi akasema kutoka nje, "Hapo sasa inataka jina. Programu haiendelei mpaka iandikwe jina la mwenye mashine. Itakaa humo humo."

Kisha Salum akasema, "Andikeni langu." Akangoja kidogo, akaongeza, kama mtu aliyejishitukia, "Au la marehemu. La marehemu pia sawa."

Mama, mbele yangu kulikuwa na kibodi, na katika nyumba ile yote hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kuinua pazia lile kunizuia. Kile kilichonifunga muda wote huo ndicho kilichonilinda. Niliandika Mwanaidi. Halafu nikaandika na jina la baba, ili pasiwe na wasiwasi.

"Mama," Salum akaita, "kaandika la nani?"

Mama mkwe akaniuliza kwa macho. Nikamjibu kwa sauti ndogo, "Langu." Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema tena Mwenyezi Mungu ndiye anayejua. Akarekebisha ukaya wake wa kichwani, akageuka kulitazama pazia, akasema, "Kaandika lake. Na ndivyo ilivyo, Salum. Hamisi alimpa mbele yangu, siku ile ile aliyoileta. Mie shahidi."

"Sasa mama, mbona siku zote hukusema?"

"Nasema leo."

Salum hakubisha. Nilimsikia anainuka, akamwambia fundi amalize kazi, akatoka. Kesho yake alileta unga kama kawaida, na pamoja nao bunda la karatasi za kuchapia. Nilikuambia si mtu mbaya. Kompyuta inakwenda kasi sasa, nikigonga herufi imeshatokea, na barua hii unayosomewa nimeichapa humo.

Ningependa niishie hapo, ufurahi, nami nifurahi. Lakini haikuishia hapo.

Jana mchana tulikuwa wawili tu, mimi nakunja nguo, mama mkwe kaketi mkekani. Akasema, "Mwanaidi, unajua kwa nini sikusema mapema?" Nikasema sijui. Akasema, "Nilijua siku nikisema ni yako, utaichukua uende kwenu. Salum ana mke na watoto na nyumba yake. Hamisi ndiye aliyekuwa wangu. Eda ikiisha kaka yako atakuja, mtafunga mizigo, nami nitabaki na kuta hizi. Nimeogopa, mwanangu. Nikaona bora niwe na dhambi ya kunyamaza." Halafu akanishika mkono. "Lakini nimesema. Nimemtahayarisha mwanangu kwa ajili yako. Sasa na wewe usiniache."

Nilimbusu mkono, kwa sababu sikupata la kufanya, na naona yeye amelichukua busu lile kuwa jibu. Leo asubuhi amewaambia wanawake waliokuja kwamba mkwewe habanduki, kwamba tutafungua chumba cha kuchapa hapa hapa barazani. Wakapiga vigelegele, mama. Mimi nimekaa katikati yao na nguo zangu nyeupe, wananipongeza.

Nilidhani nikiipata mashine nimepata mlango wa kutokea. Nimeipata, na mlango ndio umefungwa, tena na mtu ninayempenda. Salum angeninyang'anya ningeondoka na hasira yangu, ningelala usingizi wangu Mikindani. Huyu aliyenipa haki yangu naondokaje machoni pake? Nataka kuja nyumbani. Nalitaka sana hilo, na nikilitaka naona aibu.

Nisalimie baba, umwambie siyo vumbi, aende hospitali. Msalimie wifi yangu, mama watoto, asinichukie kwa niliyoyasema hapo juu. Msalimie bibi mzaa baba, na mjomba mwenye mnazi wa ugomvi, na shangazi wa Mtwara ambaye alileta mchele wa hitima. Kaka Athumani, salamu zako ni hizi hizi za kukuchosha kusoma.

Mama mkwe yuko hapa, kaketi ubavuni pangu kitandani, anatazama herufi zinavyotokea na kusema mashaallah. Ameniuliza nakuandikia nini. Nimemwambia nakuarifu kuwa mashine imepona. Amefurahi, naye anakusalimu sana, na ameniomba niandike maneno yake haya kama anavyoyatamka: "Dada yangu, mwanao yuko salama kwangu. Usihangaike kumtuma kijana kumfuata. Barabara ya kusini ni mbaya."

Mama, nimeyaandika kama alivyosema. Sasa amesinzia, kichwa kimeniegemea begani, na ninachapa kwa mkono mmoja ili nisimwamshe.

Mwanao anayengoja neno lako,
Mwanaidi