Karatasi Iliyobaki Chini ya Beseni

Dada yangu mukubwa, yaya Zaina,

Salaam aleikum, weye na wote wa hapo Kasongo. Goti lako sasa linakunjika? Dawa niliyompa mushofere ilifika? Hapa Likasi tuko wazima, alhamdulillahi, lakini unisamehe maandiko haya.

Yaya, kidogo tu nimuue mutoto wangu Ramazani.

Unajua kazi yake ni kuinua vyuma vizito mu atelie moja ya mafundi wa hapa. Mu mufuko wa suruali anatembea na kitabu kidogo, kinaenea mu kiganja, kimejaa tarakimu: kamba ya chuma ya unene huu inainua uzito huu, ya unene ule inainua ule. Anasema kichwa cha muntu kinasahau, kitabu hakisahau. Basi, juma lililopita nikafua suruali bila kupapasa mufuko. Kitabu kikatoka mu maji kama matembele yaliyopikwa. Nikaogopa kumuambia. Nikaanika karatasi moja moja, nikazipanga vile zilivyotoka, nikashona na uzi mweusi.

Akauliza, "Mama, nani ameshona hiki?"

"Kilikuwa kinapasuka, baba. Nikakitengeneza."

"Merci, mama! Sasa kinashinda hata kipya."

Na minye nikafurahi, yaya. Nikafurahi na uongo wangu.

Jana asubuhi, yeye ameisha kwenda, nageuza beseni: karatasi moja imegandamana pale chini. Minye si muntu wa masomo, lakini tarakimu nazijua. Inaanza na uzito, kamba yake haiko. Nikaelewa. Ukurasa mumoja unataja kamba, uzito wake uko ku karatasi inayofuata, ndiyo hii niliyoshika. Bila hii, mutoto atasoma uzito wa kamba ingine, nene kuliko ile.

Nikakimbia. Kandambili moja ikabaki ku njia. Mulinzi wa mulango akaanza kucheka.

"Eh, mama Ramazani! Mutoto ana ndevu, unamufuata na sahani ya bukari mpaka huku?"

"Muite, baba. Mbio!"

"Patron atanifukuza."

"Akufukuze! Wangu atakufa!"

Hapo hakucheka tena, akaenda kumuita. Ramazani akatoka, kofia ya kazi mu mukono. Nikamupa karatasi, nikamuonyesha kitabu mu mufuko wake. Akafungua kitabu, akaiweka katikati, akaangalia. Akaangalia tena. Halafu akakaa chini mu vumbi, pale pale mbele ya watu.

"Tumeisha kuinua, mama. Sasa hivi. Kamba nilichagua minye. Wenzangu watatu walikuwa kando."

"Na kamba?"

"Imeshika tu."

Akarudi ndani kuwaambia. Walipoipima ile kamba wakakuta nyuzi zimeanza kukatika, wakaikata vipande muntu asiitumie tena. Hawakumufukuza, wamemupa kitabu kingine.

Lakini hajanigombeza, yaya. Ningependa anigombeze. Anakula, anasema merci, na mufuko wake sasa anaufunga na kifungo. Leo amekwenda tena kazini. Gari ikipita na vyuma, sufuria ya jirani ikianguka, minye nasimama.

Unisalimie shemeji Musa, mume wako. Unisalimie shangazi Feza aliyetulea, umuambie simusahau. Na umuombe maalimu wa musikiti amusomee Ramazani dua. Sababu usimuambie. Muambie tu mama yake anaogopa.

Mudogo wako,
Aziza