Kiti Alichoachiwa Bukuru

Mtwara, Jumatano

Mama yangu, shikamoo.

Mwanangu Butoyi tulimpoteza Jumanne ya wiki iliyopita, njiani, kati ya Kasulu na Makere, mkamzika kabla sijapata hata tiketi.

Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Mke wangu Neema anasema bado unakohoa. Mimi mzima, nachomelea mageti. Naandika ili mdogo wangu Elia akusomee kwenye simu yake, maana tukiongea wewe unalia na mimi nakata.

Nimeambiwa yote. Hospitali iliwaruhusu mapacha wangu siku moja. Bukuru akafungwa kifuani kwa mama yake. Butoyi akawekwa kwenye kiti cha mtoto kilichokuja na gari la Elia kutoka Japani. Mkamzungushia blanketi, mkamwekea khanga nyuma ya kichwa asiyumbe. Elia akacheka, "Bosi kalala, hana habari na mashimo!" Wewe ukasema, "Mpole huyu, msimwamshe." Mkaendelea kusifia ukimya mpaka Makere, muuza ndizi alipochungulia dirishani akauliza, "Mama, huyo anahema?"

Muuguzi amenieleza kwa simu. Mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, shingo yake haijakaza. Akikalishwa wima kidevu kinaangukia kifuani, hewa inakatika, na wala halii. Kiti kile kimeandikwa kuanzia kilo tisa. Butoyi hakufika hata mbili na nusu.

Sasa Bukuru, aliyerudishwa hospitali siku ile ile, anatoka Jumamosi, na umeagiza apande kiti hicho hicho. Unasema mapacha hawabaguliwi: mmoja alipata kifua, mwingine kiti, ndiyo maana Butoyi hatulii. Kiti mmekiingiza ndani, na kila asubuhi mikanda inakutwa imefungwa, hajaigusa mtu.

Mama, mimi ni mtu wa vyuma. Kifungio hakijifungi. Lakini ujumbe wako wa sauti wa jana nimeurudia mara nyingi. Unasema uko peke yako, unachambua maharage, na nyuma yako kifungio kinalia: ta. Kisha pumzi ndogo. Kisha hakuna.

Sijui ni nini. Kama ni Butoyi, mwombeeni, mpeni haki zake zote za upacha. Msimpe ndugu yake.

Nafika Jumatatu na kiti cha wachanga, kinacholala na kutazama nyuma. Muuguzi atamweka Bukuru humo ampime hewa kwanza, na njiani mtu atakaa pembeni akitazama kidevu, siyo barabara. Asipofaulu, atabaki Kasulu na mama yake, chumba nitapanga.

Msalimie baba mkubwa wa Kitahana, na shangazi anayekupikia. Elia, wewe unayesoma, usiruke mstari.

Nataka jibu kabla ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na lisiwe "Mungu anajua". Jumamosi Bukuru atapanda kile kiti, au atanisubiri?

Mwanao,
Yeremia