Kifaa Nilichokiita kwa Jina Lako

Mpendwa mdogo wangu Atupele,

Unakumbuka siku wale vijana wa kampuni walipotuletea hapa kijijini Kyimo kile kisanduku kinachosikiliza sauti? Waliniambia nichague jina la kukiitia. Tangu nianguke kutoka kwenye mparachichi na miguu ikagoma, jina nililokuwa nikiliita kutwa nzima lilikuwa lako, basi nikakipa. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Dada, sasa mimi nastaafu!"

Mama alikuwa akikisalimu kila asubuhi, "Ugonile?" Kikinyamaza, anasema hakina adabu.

Lakini kilinitii. Nikitaka taa, kinawasha. Jirani akibisha hodi, nasema neno tu na mlango unafunguka, nami namkaribisha mgeni wangu kama mwenye nyumba. Ulipoona hivyo ndipo ukakubali kwenda Mbeya kusomea uuguzi, nafasi uliyokuwa umeikataa kwa ajili yangu. Siku unaondoka ulimuuliza kijana mmojawapo, "Kitabaki?" Akajibu, "Usijali, dada."

Hakikubaki. Walirudi wakang'oa kisanduku na kile kitasa chao kilichofungua mlango, wakasema majaribio yamekwisha, wameshapata walichohitaji. Nikauliza, "Na mimi?"

"Si ulikubali majaribio, dada?"

Nilikubali, ndiyo. Nani alalaye kitandani kama mimi angekataa? Wameondoka na sauti yangu, na wewe ulishaondoka kwa kuwaamini. Nina hasira, Atu, na sina wa kumfokea.

Siku hizi mama akienda kuchuma chai ananifungia kwa nje na kufuli. Simlaumu, angeuachaje mlango wazi na mimi siwezi kuinuka? Mwanzoni majirani walikuja dirishani wakanipa pole. Sasa wanapita tu.

Ukipiga simu ukauliza, nasema kipo, kinafanya kazi. Mama nimemwapisha anyamaze. Nikikuambia ukweli utaacha chuo urudi kunilea, na hilo sitaki. Njia nyingine nimeitafuta sana, sijaiona. Ndiyo maana barua hii siitumi.

Jana mvua ilifunga, nyumba ikawa giza mchana. Nikajisahau. "Atupele, washa taa." Nikangoja kidogo. Halafu nikaita tena, na safari hii nilijua ninayemwita ni wewe.

Soma, mdogo wangu. Usije.

Ni mimi,
Dada yako