Baba Mkubwa, Nilikusingizia Ndizi

Mpendwa Baba Mkubwa,

Siku hizi mimi ni muuguzi hapa Kindu, na mwenyewe bado naishi kwa sindano. Kwa miaka mingi nimekuwa nikikutaja mbele ya wagonjwa wangu wa kisukari. Nawaambia: "Papa yangu mukubwa alikufa juu ya ukaidi. Alikuwa anakula ndizi mbivu." Watu hucheka kidogo, kisha wanashika masharti. Leo nakuandikia kwa aibu.

Unaikumbuka ile vita? Treni haikuja tena, baba yangu, mdogo wako, alikwama Kampene, nami mtoto wa miaka tisa nikabaki kwako na kwa Mama Mkubwa. Wewe na mimi tulikuwa na ugonjwa mmoja. Chupa za insulini ulizifukia katika chungu chenye mchanga wa majimaji, zisiharibiwe na joto. Kila asubuhi uliniita: "Kuja tujichome pamoja. Mwenye kukunja uso, yeye njo atateka maji!" Mimi niliogopa sindano kuliko risasi, lakini nikikuona umefunua tumbo lako niliona haya kulia. Ulikunja uso makusudi, ukaenda kuteka maji mwenyewe. Nilikupenda sana asubuhi zile.

Kisha mguu wako ukaoza, nawe ukatuacha kabla barabara hazijafunguliwa. Siku moja nilikuwa nimekuona ukimenya ndizi nyuma ya jiko. Basi nikajua kilichokuua, au nilidhani najua.

Juma lililopita nilisoma kwenye simu kwamba wataalamu wanachukua seli za mtu mzima, zenye kazi nyingine mwilini, wanazirudisha utotoni, halafu wanazifundisha kutoa insulini. Wagonjwa wachache wamejaribishiwa tiba hiyo huko mbali. Kwetu haijafika, na sijui kama itanikuta. Hata hivyo nilikimbia kumweleza Mama Mkubwa, maana nani mwingine angefurahi kama yeye?

Alisikiliza mpaka mwisho, ungo wa mchele mapajani.

"Wamechelewa," akasema. "Mutu muzima alishakupa yake zamani."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Sindano yake ilikuwa maji tu, ya kuchemsha. Dawa yote njo alikuachia. Alisema mwili yake ingali inatengeneza insulini kidogo, ya mutoto haitengenezi kitu. Alinikataza nikwambie, usibebe muzigo."

Nililia mbele yake bila kujificha. Miaka yote hii nimekukasirikia, Baba Mkubwa, nikiamini kwamba hukutaka kuishi nasi.

Jumatatu wagonjwa wangu watakuja, wengine kutoka Kibombo. Nitawapa masharti yale yale. Halafu nitawaambia kwamba nilikusingizia, na kwamba miaka hii ninayoishi ilikuwa yako.

Pumzika, Baba Mkubwa. Asante.

Ni mimi,
mtoto wa mdogo wako