Robe ya ndoa kwenye mnada

Dzaleka, 9 Agosti 2014

Zihindula, mume wangu,

Naandika mbio, Pasteri atakayekuletea barua hii anapanda minibasi ya Lilongwe sasa hivi.

Ni kweli, niliweka robe yetu ya ndoa, lile gauni langu, kwenye mnada wa internet. Umekaa huko Biwi, Lilongwe, miezi saba bila neno, ningefanya nini? Lakini mnada ule ni mateso! Kupandisha picha tu, asubuhi nzima. Mnunuzi wa kwanza alishinda, akapotea bila kulipa. Wa pili alitaka niikate mikono kwanza!

Jana mtu akataja bei. Akaongeza. Akaongeza tena, mara tano! Nikapiga kelele mpaka batoto ba jirani bakaingia. Mnada ukafungwa, nikaonyeshwa anwani ya mshindi: Biwi, atelier ileile ya mafundi unamoshonea nguo.

Zihindula, sisi bantu ba Bukavu tunajua kupunguza bei, kupandisha hatujui. Hakukuwa na mnunuzi mwingine. We njo ulikuwa unashindana na wewe mwenyewe!

Mi sitaituma. Kuja uichukue, na pesa uiache huko. Leta ile cravate, tai uliyovaa siku ya ndoa yetu.

Bado bibi yako,
Olga